Penseli ya Baba Mdogo

Tarehe 4 Machi

Kwa Baba Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, Mama Mdogo naye mzima, na studio bado imesimama licha ya hawa vijana wanaojipiga picha wenyewe kwa simu. Mimi sijambo kwa kiasi cha mtu anayeandika akiwa amelala chali, karatasi juu ya sinia la chai. Usishtuke. Nimelazwa, ila nimeshapasuliwa na kushonwa, na nyuzi zinatolewa Ijumaa. Simu nimekupigia mara nne. Mara zote umesema "Studio, karibu, picha za pasipoti dakika kumi," ukakata. Sikio lako limeanza kuchagua wateja.

Ilianza kazini. Unaijua kazi yangu ya kukagua mizani: naingia dukani na sanduku langu la mawe ya shaba, muuzaji ananikaribisha kama mkwe, moyoni ananiapiza. Siku hiyo nilikuwa kwenye bucha moja, nimeinama kuweka jiwe la kilo mbili, tumbo likanikamata kama mtu anayekamua nguo. Nikaanguka juu ya kaunta. Mwenye bucha alidhani ni mtego wa serikali, akaanza kuungama kabla sijamuuliza kitu, kwamba chini ya sahani ya mizani kuna sumaku tangu mwaka juzi. Kwa hiyo siku haikupotea bure.

Hospitali wakakuta utumbo mwembamba umejimeza wenyewe, kama mkono wa shati unavyoingia ndani ukilivua kwa haraka. Kilichouvuta ni kinyama kilichoota humo ndani. Wamekata kipande, wakaunga. Kinyama kimepelekwa maabara.

Sasa sikia. Daktari wangu ni mama mmoja mfupi asiyecheka ovyo. Asubuhi ya pili hakuangalia hata kidonda. Alinishika kidevu, akaubinua mdomo wangu wa chini kama mtu anayenunua mbuzi, akauliza haya madoa nimeyapata lini. Unayajua madoa yangu, vidoa vyeusi kama mtu aliyenyunyiziwa pilipili manga. Nikasema nimezaliwa nayo. Akaniambia upo ugonjwa wa kurithi, wa nadra, unaotia madoa mdomoni na vinyama tumboni, na kwa kawaida mtu hauanzishi peke yake, yupo aliyempa. Akataka kujua nani mwingine kwetu anayo.

Nikaagiza albamu kutoka nyumbani. Baba alifariki nikiwa na miaka sita, Bibi hata sikumkuta, Mama naye hayupo wa kumuuliza. Tukakaa, mimi na daktari na lenzi yake ya kukuzia, tukakagua midomo ya ukoo mzima. Baba, safi. Bibi, safi. Wanao watatu, safi. Wewe, masharubu tu. Daktari akaifunga albamu akasema basi huenda ugonjwa umeanza na mimi, akaandika hivyo kwenye faili. Akauliza Baba alikufa kwa nini, nikasema homa, kama mlivyonieleza.

Lakini mtu wa mizani haridhiki na kipimo kimoja. Nakuuliza wewe uliyebaki: kuna mtu kwetu aliyekuwa na madoa haya? Nijibu kweli na upesi. Kama walikuwepo, basi wewe na watoto wako mnatakiwa kuchunguzwa matumbo.

Mwanao,
Chiriku


Tarehe 21 Machi

Mwanangu Chiriku,

Marahaba, tena marahaba mia. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Pole sana. Mama Mdogo wako alilia, nikamwambia asilie, damu yetu haimalizwi na kisu. Nikiwa kijana bandarini nilimwona baharia aliyekatwa utumbo futi tisa, akaendelea kula kuliko nahodha. Alisema chakula sasa kinafika haraka maana njia imefupishwa.

Hapa tuko salama. Mwanangu wa kwanza amepata kazi ya kulinda ghala, analala huko huko, hiyo ndiyo kazi. Wa kati anataka kuoa, hana cha kuolea. Wa mwisho anasoma, yaani anakwenda shule. Studio inaendelea kunipa heshima. Juzi kaja bwana mmoja kupiga picha ya pasipoti, kila flashi ikiwaka anafumba macho. Nikampiga kumi na nne. Nikamwambia ndugu yangu, safiri tu umelala, watakuamsha huko uendako.

Kuhusu swali lako. Mwanangu, mimi nilisoma hadi darasa la sita na nusu, nusu iliyobaki nikaisomea duniani, na huko duniani nimejifunza kwamba daktari akiishiwa anauliza habari za babu. Midomo ya ukoo wetu ilikuwa safi kama sahani za wageni. Albamu umeiona. Picha haisemi uongo, hasa niliyoipiga mimi. Nimepiga wakuu wa wilaya saba, maaskari wenye nyota, bibi harusi wasio na idadi, na hakuna aliyerudi kulalamika, isipokuwa mmoja, naye alikuwa akimlalamikia mumewe.

Hilo la kwenda kupimwa niachie. Mimi ni mzima kama kigongo. Tumbo linaguna kidogo baada ya chakula, lakini tumbo la mtu mzima lisiloguna ni la sanamu. Nimetoboa tundu jipya kwenye mkanda, si kwamba nimekonda, ni mitindo ya sasa inabana.

Kunywa supu, tembea taratibu, usibebe yale mawe yako.

Ni mimi Baba yako Mdogo,
Jabali la Mwanga na Kivuli

Mwanangu, ni Mama Mdogo. Amenipa nifunge bahasha, hajui nimeongeza. Matundu ya mkanda ni matatu. Akishakula anajikunja nyuma ya pazia la studio, wateja wanadhani anatafuta flashi. Na alipofika kwenye neno madoa katika barua yako, alikwenda stoo akajifungia mpaka chakula kikapoa. Sijui kuna nini humo. Muulize tena.


Tarehe 5 Aprili

Baba Mdogo,

Shikamoo. Nimerudi nyumbani. Natembea mpaka dukani na kurudi, nikiwa nimeinama kama mtu aliyeangusha sarafu. Wenzangu ofisini wamenichangia maziwa ya kopo, na yule mwenye bucha kaniletea maini kwa aibu, nimeyapima, yametimia. Wasalimie wote, na umwambie wa kati asubiri kuoa mpaka niweze kucheza.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara inapungua uzito.

Nina picha moja mkononi. Uliipiga wewe. Baba amenipakata, nina miaka minne, nimegeuka kumtazama yeye badala ya kamera, na kidole changu kimegusa mdomo wake wa chini. Nimeitazama kwa lenzi. Nywele za ndevu zake zinahesabika. Uzi wa kifungo cha shati unaonekana. Lakini mdomo, Baba Mdogo, umelainika kama sabuni iliyotumika. Hauna hata ule mkunjo ambao mdomo wa kila mtu unao.

Na mimi nakumbuka kitu. Nilidhani ni ndoto. Nakumbuka nikijifunza kuhesabu, moja mpaka saba, na kila nikifika saba Baba ananing'ata kidole kwa mzaha. Sasa niambie, kwenye mdomo ule safi nilikuwa nahesabu nini?

Nimeshawakamata wauza nyama, wauza sukari, na bwana mmoja aliyekuwa akiuza misumari kwa mizani yenye jino la chuma ndani. Wote mwanzo huniambia mizani haisemi uongo. Maneno yako hayo hayo.

Majibu yangu ya maabara yametoka. Nitakuambia yanasemaje ukishaniambia ulichofanya.

Chiriku


Tarehe 29 Mei

Mwanangu Chiriku,

Salamu nyingi. Hapa wote wazima. Mama Mdogo wako amenisusia maneno wiki ya tatu, ananiwekea chakula bila kusema kitu, na chakula kimekuwa kitamu zaidi. Nimechelewa kukujibu kwa sababu kalamu ilipotea, ilipopatikana ikapotea karatasi, kisha kukawa na msiba wa jirani, kisha nikaitwa kupiga picha mkutano wa watu wazito, mambo ya siri, siwezi kuyaandika.

Haya. Nimeshadanganya vya kutosha, mkono umepata joto, sasa nikuambie kweli. Hakukuwa na msiba wala mkutano. Nilikuwa stoo.

Kwenye negativu, ile filamu inayotolewa picha, dunia imegeuka: cheupe ni cheusi, cheusi ni cheupe. Doa la mdomoni linatokea kama kitundu cha mwanga, kidogo kama ncha ya sindano. Unachukua penseli uliyoichonga mpaka inaweza kumtoboa mbu jicho, unabana pumzi, unakijaza kitundu. Ukiitoa picha, doa halipo. Mji mzima aliyeweza ni mimi. Wengine walijaribu, wateja wao wakatoka kama wamepigwa ngumi.

Wa kwanza kumfuta alikuwa Bibi yako. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na kamera ya kuazima. Nikampiga picha ya kwanza maishani mwake. Alipoiona akasema, "Kumbe ndivyo wanavyoniona," akaigeuza chini juu. Tangu utoto wenzake walimwita Mla Wino. Nikarudi chumba cha giza, nikapambana na penseli siku nne. Ile ya pili alikaa nayo mapajani mpaka jua likazama, akicheka peke yake. Basi nikaona nimegundua dawa. Baada ya hapo nani angeachwa? Nikamfuta kaka, nikawafuta wanangu wenye madoa, nikawa nafuta kabla mtu hajaomba. Wewe tu ulinishinda, ulikuwa hutulii mbele ya lenzi.

Yalikuwa saba, mwanangu. Matano chini, mawili juu. Hesabu yako ilikuwa sawa.

Na mimi ninayo. Masharubu haya si ulimbwende. Ya nje yamefifia na uzee na sigara, ya ndani ya shavu bado yapo kama jana.

Lakini si hayo yaliyonifungia stoo. Kuna jingine, na nimeliandika mara nane nikachana.

Baba yako hakufa kwa homa. Siku nilipofungua studio hii nilikuwa na furaha ya kijinga, nikamwambia mbele ya watu kwamba hawezi kula mayai ya kuchemsha kumi na tano. Akasema atakula na manne ya kunipongeza. Akala kumi na tisa, mimi nahesabu kwa sauti kama dalali, watu wanapiga makofi, na la mwisho alilimenya kwa mkono mmoja ili kuringa. Alikuwa hivyo, ukimtania jambo analifanya kwa madoido. Siku ya tatu tumbo likamfunga. Akajikunja, akatapika kijani. Zahanati ya wakati ule haikuwa na wa kupasua. Siku ya tano akaondoka, nami nimemshika miguu.

Niliyewaambia watu homa ni mimi. Mama yako, aliyekuwa kwao siku hizo, amekufa akiamini homa. Miaka ishirini na nane sijatia yai mdomoni, watu wanadhani ni maringo ya mjini. Ulipoandika kwamba tumbo lilikukamata na kukukunja, niliona ni yeye tena, na mimi tena nahesabu.

Sasa fungua bahasha ya pili niliyoituma pamoja na hii, polepole, karatasi zisikunjike. Negativu zote ninazo. Penseli huwa haiingii kwenye filamu, inakaa juu tu kama vumbi; pamba na tapentaini inaiondoa. Nimewaosha wote. Kazi bora ya maisha yangu imeondoka na pamba ya kujaza kikombe. Huyo wa kwanza ni Bibi yako. Huyo na wewe ni baba yako, tazama kidole chako kiko wapi, kiko kwenye la nne. Hao watatu ni wanangu. Mpelekee daktari afute alichoandika.

Mimi usiniingize. Nina maumivu, nakubali, Mama Mdogo wako si mpelelezi mzuri, wino wake ulipenya mpaka nje ya bahasha. Lakini mtu aliyemlisha kaka yake mpaka akafa, tumbo likimuuma, akalalamike kwa nani? Acha liume. Najua linaniuma kwa nini.

Baba yako Mdogo


Tarehe 12 Juni

Baba Mdogo wangu,

Shikamoo kwa magoti yote mawili. Wasalimie wote, Mama Mdogo umwambie wino wake ulikuwa mzuri sana.

Picha nimezipokea. Nilimtazama Bibi kwanza. Mbona mzuri hivi? Nimemtundika ukutani. Baba nilimweka mezani, nikaweka kidole changu juu ya kidole changu, nikahesabu. Kisha nikavaa, nikampelekea daktari.

Daktari alizipanga juu ya meza yake kama karata. Akaitisha faili langu, akakata kile alichoandika, akaandika upya kwa kalamu nyekundu. Ndipo nikamsomea barua yako, ile sehemu. Nilikuwa nimejiandaa kulia. Nilipofika kwenye mayai akaninyamazisha kwa mkono.

"Mayai mangapi?"

"Kumi na tisa."

"Mwambie huyo mzee," akasema, "mayai kumi na tisa yanampeleka mtu chooni, hayampeleki kaburini. Kilichomwua kaka yake kilikuwa tumboni mwake tangu akiwa mtoto."

Akanieleza, na mimi nakueleza kama nilivyoelezwa. Kinyama kikikua, utumbo unakisukuma kama unavyosukuma chakula. Hakiendi, kimeota. Basi unajivuta wenyewe, unajimeza, damu inakatika. Kutapika kijani, kujikunja, siku ya tano, ndivyo ugonjwa huu unavyokwenda. Angeweza kuwa amekunywa maji matupu siku hiyo. Mimi asubuhi ya bucha nilikuwa nimekunywa chai ya rangi. Soma hapo mara mbili. Kisha mpe Mama Mdogo akusomee mara ya tatu, maana wewe ukisoma mwenyewe unaruka mistari.

Sasa langu. Kile kinyama changu kilikuwa kimeshageuka saratani. Saratani ya utumbo mwembamba, ambayo watu wengi hawaipati, ila sisi wa madoa inatupenda. Kipande walichokata kimetoka nayo, lakini walikuta imegusa tezi moja pembeni, kwa hiyo kila baada ya wiki mbili nalazwa siku moja natiwa dripu. Zimebaki dripu nane. Dawa yenyewe ina vituko vyake: sishiki kitu cha baridi. Mawe yangu ya shaba asubuhi yananichoma vidole kama umeme, nimeanza kuvaa glavu, na wauzaji wanadhani nimekuja kuchukua alama za vidole. Mizani ya mtaa mzima imenyooka.

Sikukuambia kwa sababu ningekuona mlangoni kesho yake na begi, umekuja kuniuguza, na hilo tumbo lako umelisahau.

Daktari ameandika barua kwa hospitali ya huko kwenu, iko humu ndani. Kuna kifaa cha kutazama utumbo mwembamba wote bila kisu. Wewe kwanza, kisha watoto. Ulisema huna wa kumlalamikia. Nilalamikie mimi. Baba wa kwanza nilimzika kwa sababu hakuna aliyejua. Wa pili nikimzika, mtu yeyote akiniuliza kafa na nini, nitamwambia kafa na ubishi.

Chiriku


Tarehe 20 Julai

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Nakuandikia kutoka wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani, nimekipata kwa ushawishi. Jirani yangu wa kushoto ni fundi saa, wa kulia anakoroma, kwa hiyo mmoja anajua saa na mwingine anaihesabu.

Ile habari ya saratani nimeisoma. Sina mzaha juu yake. Nimetafuta, sikupata. Nilikwenda kukaa studio, nikafunga mlango, mteja akagonga, nikamwambia leo hakuna mwanga. Mama Mdogo wako akaja, akanisomea lile la daktari mara ya tatu kama ulivyoagiza, na mara ya nne kwa hiari yake. Kesho yake nilivaa suti.

Sasa jiandae. Mimi, niliyeshika kamera miaka arobaini, nimemeza kamera. Nasema kweli, hapa wapo mashahidi. Ni kidonge kikubwa kama haragwe lililoloweshwa, kina taa yake na lenzi yake, kinashuka chenyewe kikipiga picha mbili kila sekunde, saa nane mfululizo, na wewe umefungwa mkanda kiunoni unaopokea picha. Kwanza nilikataa kumeza mpaka niitazame lenzi yake. Nesi akaniambia mzee meza, nikamwambia binti, kwenye fani yetu hatuingizi kifaa mahali bila kukikagua.

Picha zilitoka zaidi ya elfu hamsini. Daktari ni kijana mpole, akaniita nitazame. Nikamwambia ukweli wa kitaalamu: mwanga unatosha, rangi nzuri, lakini hakuna hata moja iliyopangwa, na hakuna anayetazama kamera. Akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akasimamisha picha moja, akaacha kucheka. Humo ndani kuna vinyama vitatu. Viwili vidogo kama njegere. Cha tatu kama kidole gumba changu, kimekaa kwenye kona, na utumbo umeanza kukizunguka. Nilikitazama muda mrefu. Mwanangu, mkono wangu ulitafuta penseli.

Akachukua karatasi ya kuandika ukoo, vimiraba kwa wanaume, viduara kwa wanawake. Akauliza kama kuna mtu katika familia aliyekufa kwa tumbo. Hilo swali nimelikimbia tangu wewe una miaka sita. 

Nikasema, "Kaka yangu. Utumbo ulijimeza."

Akaandika. Akaenda kwenye swali la pili, tarehe ya kuzaliwa. Basi. Hivyo tu.

Watoto nimewapanga foleni, midomo wazi, nikawamulika kwa taa ya studio. Wa kwanza anayo, wa mwisho anayo, wataanza vipimo mwezi ujao. Wa kati hana hata moja, ndani ya shavu safi kama karatasi. Amenuna tangu siku hiyo, anasema tumemtenga.

Watanipasua tarehe mbili Agosti. Naogopa, Chiriku. Nimeandika mara moja, sirudii. Usije, una dripu zako, na safari ni ndefu. Nitakuandikia nikiwa salama. Wakikuambia nilitetemeka mlangoni, ujue chumba kile kina baridi.

Baba yako Mdogo,
kitanda namba sita


Tarehe 2 Agosti, saa kumi na moja jioni

Baba Mdogo,

Barua hii haina stempu. Nitamwomba nesi aichomeke chini ya kikombe chako. Ukiamka mimi sipo hapo kitandani, muda wa kuona wagonjwa umekwisha na nesi wa zamu hana mchezo, kanitoa kwa mkono.

Nilifika asubuhi umeshaingizwa. Mama Mdogo anasema ulipokuwa unachomwa nusukaputi uliwaambia madaktari wasogee karibu, wa mwisho kushoto anyanyue kidevu. Walisogea wote.

Vinyama vitatu vimetoka. Utumbo haukuhitaji kukatwa sana, kipande kama upana wa kiganja. Kile kikubwa kimekwenda maabara. Daktari kijana anasema kwa macho hakionyeshi kugeuka, lakini macho si maabara, majibu ni wiki mbili. Nimeomba ruhusa kazini, na dripu yangu ijayo nitatiwa hospitali hii hii, ghorofa ya juu yako. Tutasubiri wote.

Sasa sikiliza vizuri, hili ndilo muhimu. Hutapewa chakula wala maji mpaka utumbo uonyeshe kwamba umeamka, na utumbo unaonyesha kwa njia moja tu. Ndiyo, hiyo hiyo. Nesi atakuja kila saa kukuuliza, mzee, umejamba? Wewe na heshima zako na suti yako utasema ndiyo ili upate chai, au utasema hapana kwa aibu. Safari hii jibu kweli. Mama Mdogo amebeba uji kwenye chupa, watoto wako watatu wamejipanga koridoni, na fundi saa wa kitanda cha jirani ameshatega saa.

Mimi nimekaa kwenye benchi, hapa nje ya mlango. Nasikiliza.

Chiriku